Kamera ya Parokia Haiwaki: Tuanzie Ukutani



Wapendwa wasomaji, parokia nyingi zenye umri wa miaka ishirini na zaidi zina begi jeusi la kamera ya video lililowekwa juu ya kabati, ofisini au sakristia. Ukiuliza, utaambiwa kamera hiyo ilikufa siku nyingi. Ndani ya begi mna adapta iliyofungwa kwa mpira, betri moja au mbili, nyaya ambazo hakuna anayekumbuka kazi yake, na kanda ndogo zilizoandikwa kwa kalamu: Upadrisho 2003, Kutabaruku Kanisa, Jubilei ya Miaka 25, Mazishi ya Paroko. Kamera yenyewe haina bei kubwa sokoni. Kanda ndizo mali. Na kanda hizo haziwezi kuingizwa kwenye simu wala kompyuta. Zinasomwa na mashine ya aina yake tu, ambayo kwa kawaida ni ileile kamera iliyo kwenye begi. Kamera mpya za namna hiyo hazipatikani tena madukani.

Kwa hiyo swali la kama kamera imekufa kweli, au imekosa umeme tu, ni swali zito kuliko linavyoonekana. Somo hili tunalitoa kila mwaka kwa mafrateri wanaopangiwa kazi ya mawasiliano, na safari hii tumeona tuwashirikishe pia waamini wa parokiani, hasa vijana na wanakwaya ambao ndio hukabidhiwa kamera siku za sherehe.

Tutazungumzia zaidi kamera za kanda za MiniDV, zilizoanza kuuzwa mwaka 1995. Utepe wake una upana wa milimita 6.35, ni mwembamba mno, na kanda ya kawaida hurekodi dakika 60. Dada zake wakubwa ni kamera za kanda za milimita 8, zilizotangulia katika miaka ya 1980. Hata hivyo nusu ya kwanza ya somo, inayohusu umeme, inafaa pia kwa mwenye kamera ya kisasa inayotumia kadi.

Fuata njia ya umeme

Kosa la kawaida ni kuanza na kamera. Mtu anabonyeza kitufe, taa haiwaki, anachukua bisibisi. Sisi tunasema bisibisi ibaki kwenye droo. Umeme hutoka ukutani, hupita kwenye waya mrefu, huingia kwenye adapta, hutoka kwa waya mwembamba, huingia kwenye kitundu cha kamera. Katika njia hiyo yote ni kituo kimoja tu, cha mwisho, kilicho ndani ya kamera. Vingine vyote viko nje na vinaweza kupimwa bila kufungua skrubu hata moja.

Soketi ya ukutani ipime kwa chaja ya simu. Ukitumia waya wa kuongezea, upime nao peke yake, kwa sababu nyaya hizo hukanyagwa kanisani kila Jumapili. Kisha uangalie waya unaotoka ukutani kwenda kwenye adapta. Mara nyingi una kichwa chenye umbo la namba nane, sawasawa na ule wa redio ya mezani. Azima wa redio ujaribu. Jambo hili huchukua dakika moja, na tumeshuhudia kamera zikifufuka hapo hapo, mbele ya watu waliokwisha kuchangishana fedha za fundi.

Baadaye ndipo tunafika kwenye adapta. Igeuze usome karatasi iliyobandikwa chini. Kuna maneno mawili ya kutafuta: INPUT, yaani umeme unaoingia, na OUTPUT, yaani unaotoka. Adapta nyingi za miaka hiyo hupokea volti 100 hadi 240, kwa hiyo hazina shida na volti 230 za kwetu. Lakini zipo zilizoandikwa 120V peke yake. Hizo zililetwa na marafiki wa parokia kutoka Marekani, na ukiichomeka ukutani hapa kwetu bila kipunguza volti inaungua mara moja. Kama kamera ilikuja kama zawadi kutoka ng'ambo, soma karatasi hiyo kwanza.

Upande wa kutoka, namba utakayokutana nayo sana ni volti 8.4. Inafaa kuelewa inatoka wapi, maana hapo ndipo mengine yote yanakuwa mepesi. Betri ya kamera hizi ndani yake ina vijibetri viwili vya lithiamu vilivyofuatana. Kila kimoja kikijaa kabisa kina volti 4.2, viwili ni 8.4. Katika matumizi kila kimoja hukaa karibu na 3.6, ndiyo maana juu ya betri pameandikwa 7.2. Adapta basi inaigiza betri iliyojaa. Si kila kamera iko hivyo, kwani wapo watengenezaji waliochagua volti nyingine, nyingine juu ya 10. Kinachotawala ni maandishi yaliyo kwenye kamera yenyewe na kwenye adapta yake ya asili.

Kupima kwa maltimita

Maltimita ndogo ya dukani inatosha. Weka kisu chake kwenye umeme wa moja kwa moja, wa DC, kipimo cha 20. Waya mwekundu uguse sehemu chanya ya plagi, mweusi uguse hasi. Kwenye adapta nyingi kuna kijipicha cha duara chenye nukta katikati kinachoonyesha chanya iko ndani au nje. Ukipata alama ya kutoa mbele ya namba, umegeuza nyaya, si tatizo. Angalia tu ncha mbili za mita zisigusane ndani ya plagi, utapiga shoti.

Ukiona 8.4 usishangilie bado. Hapa ndipo wengi hudanganyika. Adapta iliyochoka inaweza kuonyesha volti kamili ikiwa haina mzigo, halafu ikaanguka mara kamera inapoanza kuvuta umeme. Dalili yake ni kamera inayowaka sekunde mbili na kuzima, au inayowaka vizuri lakini inazima mara motokaa ya kanda inapoanza kuzunguka. Mwenye kamera atasema motokaa ni mbovu. Kabla ya kumwamini, ipe adapta mzigo. Tunatumia balbu ndogo ya pembeni ya gari, ya volti 12 na wati 5, iliyounganishwa nyaya mbili. Kwenye volti 8.4 balbu hiyo itawaka kwa mwanga hafifu na kuvuta karibu theluthi moja ya ampea, jambo ambalo si mbali na mahitaji ya kamera yenyewe. Pima tena balbu ikiwa inawaka. Ikibaki 8.4 au pungufu kidogo sana, adapta ni nzima. Ikianguka hadi 6 au 5, au balbu ikipepesa, mgonjwa umempata, na kamera haina hatia.

Kama huoni volti yoyote, shika waya mwembamba karibu na plagi na uukunje taratibu huku ukitazama mita. Namba ikitokea na kupotea, waya umekatika ndani. Hukatika hapo, au pale unapotokea kwenye adapta, kwa sababu ndipo unapokunjwa kila siku watu wanapouviringisha kuzunguka adapta. Matengenezo yake ni ya kawaida: kukata sehemu mbovu, kumenya, kulehemu, kufunika kila waya kwa utepe wake. Nyingi zina waya mmoja katikati na nyuzi zinazouzunguka, na fundi akiugeuza huo mpangilio, chanya inakuwa hasi. Ndiyo sababu baada ya kulehemu tunapima kwa mita kabla plagi haijaingia kwenye kamera, hata kama fundi ni mzoefu na amekasirika kidogo kwa kupimwa.

Kuna pia kasoro ambayo si kasoro. Baadhi ya chaja za mezani zina swichi ndogo: upande mmoja ni kuchaji betri, upande mwingine ni kuendesha kamera. Nyingine hazina swichi, lakini ukichomeka waya wa kamera zinaacha kuchaji betri. Mtu asiyejua anasema chaja haichaji, au kamera haipati umeme, kumbe vyote viwili ni vizima.

Usifungue adapta

Mafrateri wenye mikono myepesi hawapendi sehemu hii. Adapta za aina hii hubadilisha kwanza umeme wa ukutani kuwa wa moja kwa moja, na volti 230 zikibadilishwa hivyo hufika karibu 325 katika kapasita kubwa iliyo ndani. Kapasita hutunza umeme. Unaweza kuchomoa plagi, ukafungua kasha, ukaweka kidole, ukarushwa. Kifo kinawezekana. Basi kwa mwanafunzi na kwa mwamini wa kawaida, kasha la adapta halifunguliwi. Anayelifungua ni fundi wa vyombo vya umeme anayejua kuimaliza nguvu kapasita kwa kizuia-umeme na kuipima kabla ya kugusa.

Hata hivyo ni vizuri ujue fundi anatafuta nini, ili usimlipe kwa porojo. Adapta inayotoa mlio wa tik-tik na taa yake kupepesa mara nyingi ina kapasita ya upande wa kutoa umeme iliyochoka, au kuna shoti mbele yake. Kapasita iliyochoka huvimba kichwani, na wakati mwingine hutoa maji ya rangi ya kahawia. Hubadilishwa kwa nyingine ya uwezo uleule, volti zilezile au zaidi, inayovumilia nyuzi joto 105. Ikiwa ni fyuzi iliyoungua na kioo chake kimekuwa cheusi, kuna kitu kingine kilichoiunguza. Kubadilisha fyuzi tu ni kuunguza ya pili. Na yule anayeweka kipande cha waya mahali pa fyuzi, mchukulie adapta yako urudi nayo nyumbani.

Mara nyingi kununua adapta nyingine ni nafuu kuliko kutengeneza. Hapo angalia mambo manne: volti ziwe sawa kabisa, ampea ziwe sawa au zaidi, chanya na hasi zikae mahali pake, na plagi iingie bila kulazimishwa. Ampea nyingi haziumizi, kwa kuwa kamera huvuta kiasi inachohitaji. Volti nyingi huumiza. Tunaonya hasa juu ya adapta za zamani za redio, zile nzito, zilizoandikwa volti 9. Zikiwa hazina mzigo zinaweza kutoa 12 na zaidi, na "tofauti ni ndogo" ni maneno yanayosemwa sekunde chache kabla ya harufu ya kuungua.

Betri

Kwa betri tutakuwa wafupi. Viguso vyake vya shaba vikiwa vyeusi, visugue kwa kifutio cha penseli, vyake na vya kwenye kamera. Betri iliyokaa miaka mingi bila kuchajiwa, ikipimwa na kukutwa chini ya volti 5, imekwisha. Asije mtu kuiamsha kwa chaja ya kubahatisha. Iliyovimba haichajiwi, haitobolewi, haitupwi kwenye moto wa takataka. Ikiwa imekwama kwenye kamera kwa kuvimba, usiichokonoe kwa bisibisi, mpelekee fundi. Kwa zile nzima, joto ndilo adui: begi lililo chini ya bati linaiua betri kimyakimya. Ihifadhi ikiwa na chaji nusu hivi, si tupu na si kamili, mahali penye ubaridi, na nje ya kamera.

Baadhi ya kamera za Sony huandika C:04 kwenye kioo na kuzima zinapokutana na betri zisizozitambua. Hiyo si mashine kuharibika. Ni betri isiyo ya jamii yake, au viguso vichafu.

Kamera nyingi pia zina betri nyingine ndogo ya ndani kwa ajili ya saa na tarehe. Ikiisha, kamera inauliza tarehe kila ukiiwasha. Katika nyingi inachajiwa kwa kuiacha kamera kwenye adapta, ikiwa imezimwa, kwa saa 24.

Mvumo kwenye sauti

Kuna lalamiko ambalo hupelekwa kwa fundi wa kamera wakati chanzo ni umeme. Siku ya sherehe kamera imeunganishwa na mashine ya sauti ya kanisa ili ipate sauti ya padre moja kwa moja. Kwenye rekodi kunasikika mvumo mzito, mmmmm, kuanzia Ishara ya Msalaba hadi baraka ya mwisho. Kamera inaendeshwa kwa adapta iliyochomekwa soketi ya nyuma ya kanisa; mashine ya sauti iko kwenye soketi ya mbele karibu na altare. Sasa vyombo viwili vimeunganishwa kwa njia mbili, kwa waya wa sauti na kwa umeme wa jengo, na umeme kidogo unazunguka katika duara hilo.

Jaribio ni rahisi: chomoa adapta, washa kamera kwa betri. Mvumo ukipotea, jibu umelipata. Rekodi kwa betri, au chomeka kamera na mashine ya sauti kwenye soketi moja, au ununue kisanduku kidogo cha kutenganisha sauti kinachowekwa katikati ya waya. Kitu kimoja hakifanywi, nacho ni kukata waya wa ardhini wa mashine ya sauti. Kipo kwa ajili ya uhai wa mtu anayeshika kipaza sauti.

Mvumo ukibaki hata kwa betri, tazama umechomeka wapi. Sauti kutoka kwenye mashine ni kubwa mara nyingi kuliko ya kipaza sauti, na kitundu cha MIC cha kamera hakijatengenezwa kuipokea. Itakwaruza na kupasuka. Hilo ni somo jingine.

Kamera inawaka lakini inakataa

Tuseme umeme ni safi sasa. Kamera inawaka, ila haifanyi kazi. Kabla ya lolote ondoa betri na adapta, ngoja dakika chache, rudisha. Nyingi zina pia kitundu kidogo kilichoandikwa RESET, kinachobonyezwa kwa kitu chenye ncha. Kinafuta tarehe na mipangilio, hakigusi kanda.

Soma kioo. Kamera za Sony husema kwa namba: C:21 ni unyevunyevu ndani, C:22 ni vichwa vichafu, C:31 na C:32 ni mtambo wa kanda kushindwa, zinazoanza na E:61 na E:62 ni za fundi. Nyingine huandika DEW au kuonyesha tone la maji. Unyevu huu tunauona sana kwa watu waliosafiri na kamera kwenye gari lenye kiyoyozi wakashuka Dar es Salaam au Tanga mchana. Hewa ya joto hukutana na chuma baridi, umande unatokea ndani, na utepe ukijaribu kuzunguka hunata kwenye ngoma ya vichwa. Kamera inafanya vyema kukataa. Toa kanda, acha mlango wake wazi angalau saa moja. Usiiweke juani wala mbele ya pasi. Safari ijayo, ifunge kwenye mfuko wa plastiki kabla ya kushuka garini na uifungue ikishapata joto la mahali.

Picha ikiwa na vijisanduku, au ikigawanyika katika mistari minene ya kulala ambayo mmoja unasogea na mwingine umeganda, kichwa kimoja kati ya viwili kimeziba. Ngoma hiyo ina vichwa viwili vinavyopokezana, ndiyo maana picha inaharibika kwa zamu. Tumia kanda kavu ya kusafishia, sekunde 10 tu, kisha ujaribu. Ikihitajika rudia, lakini usifike mara tano, maana kanda hiyo ni msasa wenye adabu. Kusafisha kwa pamba ya masikioni hatukushauri hata kidogo: nyuzi zake hunasa kwenye vichwa, na kichwa kikivunjika hakina cha kukibadilisha.

Ikiwa kioo cha pembeni kinakuwa cheusi kikifunguliwa kwa pembe fulani, huku kwenye tundu la kuchungulia picha ipo, ni utepe wa nyaya kwenye bawaba uliokatika kwa kufunguliwa na kufungwa. Kamera bado inarekodi na kucheza. Itumie kwa TV.

Na hili wengi hawalijui. Kuna kamera ambazo ukizielekeza kwenye kitu zinaonyesha giza tupu, au picha ya zambarau yenye mistari, na watu wakazitupa. Mwaka 2005 Sony, Canon na watengenezaji wengine walitoa taarifa kwamba sensa za picha zilizotumika katika kamera zao kadhaa za miaka ya karibu na hapo zilikuwa na kasoro inayojitokeza hasa penye joto na unyevu. Pwani yetu ina vyote viwili. Lakini sensa ni jicho tu. Mtambo wa kucheza kanda ni kitu kingine kabisa, na kamera kipofu inaweza kucheza kanda zako za 2003 bila doa. Weka kanda, geuza swichi kwenye VCR au PLAY, utazame kabla ya kuitupa.

Kanda ikikwama

Mlango unafunguka nusu, kanda haitoki, padre anasubiri. Usivute. Ndani, utepe umetolewa kwenye kasha lake na kuzungushwa kwenye ngoma, kwa vinguzo vidogo vinavyorudi mahali pake kwa kufuatana. Ukivuta, unaukata utepe na kupinda vinguzo kwa tendo moja. Weka adapta iliyopimwa (betri dhaifu ni sababu mojawapo ya kanda kukwama, kwani motokaa huishiwa nguvu katikati), ondoa na kurudisha umeme, bonyeza EJECT mara moja, ngoja bila kugusa. Mtambo huchukua sekunde kadhaa. Kufunga, sukuma pale tu palipoandikwa PUSH.

Ikishindikana, hapo kuna uamuzi wa kufanya na fundi aambiwe waziwazi kabla hajaanza: tuokoe kipi? Fundi aliyezoea huokoa mashine, kwa sababu ndiyo anayolipwa. Utepe atauvuta na kuutupa. Kama ndani mna upadrisho ambao haukurekodiwa na mtu mwingine, mwambie akate kamera ikibidi. Kamera ya namna hiyo inaweza kutafutwa kwa watu, ikiwa imetumika. Ile Misa haiwezi. Mwandikie kwenye karatasi na uibandike kwenye kamera, kwa kuwa anayepokea kazi dukani na anayeifanya si lazima wawe mtu mmoja.

Kamera ikishapona

Usiipe kanda ya thamani kwanza. Ipe kanda isiyo na kitu, irekodi, irudishe nyuma, iicheze, uitoe, mara mbili tatu. Baada ya hapo chukua kanda ya parokia, usogeze kile kidude cha nyuma kwenye SAVE ili isifutike, izungushe mbele hadi mwisho na kuirudisha, kwa sababu utepe uliokaa miaka hushikana.

Kunakili kunafanywa kwa adapta, kamwe si kwa betri. Kanda ya saa moja inachukua saa moja, hakuna njia ya mkato, na faili lake ni karibu gigabaiti 13. Njia bora ni kitundu kilichoandikwa DV au i.LINK, kwa waya wa FireWire kwenda kwenye kompyuta yenye kadi yake. Waya uunganishwe kamera ikiwa imezimwa. Kitundu cha USB cha kamera nyingi za kanda kilikusudiwa picha za mnato. Na vile vichwa vya bei ndogo vinavyodai kugeuza FireWire kuwa USB havifanyi kazi, kwani mitambo hiyo miwili haizungumzi lugha moja. Usipopata kadi, tumia waya wa rangi ya njano, nyekundu na nyeupe kupitia kifaa cha kunasia video. Ubora utapungua kidogo, lakini nakala itakuwepo.

Vizuizi viwili vya mwisho. Kamera iliyotoka Marekani au Japani kwa kawaida hutumia mfumo wa NTSC, na kanda zilizorekodiwa kwa PAL, mfumo wa kwetu, haitazicheza inavyopasa. Na kanda iliyorekodiwa kwa LP, ili ifikie dakika 90, inaweza kusomeka vizuri kwenye kamera iliyoirekodi na kugoma kwenye nyingine zote. Hiyo ni sababu tosha ya kutoitupa kamera mbovu ya parokia kabla kanda zake hazijajaribiwa.

Zoezi

Majadiliano ya kikundi, majibu yote yamo katika somo. Kwanza: kamera ya kigango inawaka kwa adapta, lakini kanda ikiingizwa tu inazima, mita inaonyesha 8.4. Utafanya nini kabla ya kumlaumu motokaa? Pili: katibu wa parokia ameleta adapta mpya yenye volti 8.4 na ampea 3, wakati ya zamani ilikuwa na ampea 1.5, na mwenyekiti anasema itaunguza kamera. Mjibu. Tatu: kamera inaonyesha giza tupu, fundi amesema inunuliwe nyingine, na ndani ya begi kuna kanda kumi na moja.